Mgombea msindikizaji husema kweli kuhusu mambo ya nje kwa sababu ni mkweli, au kwa sababu hana cha kupoteza?

Mwalimu wa Mlimani (Morogoro)

Habari zenu ndugu zangu. Ninafundisha Historia na Uraia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita, katika kipindi cha kidato cha nne, tulikuwa tukijadili namna vyama vya Marekani vinavyowapata wagombea urais kwa kura za mchujo. Niliwasimulia wanafunzi midahalo miwili ya mwaka 2007 ambayo sijawahi kuisahau.

Wa kwanza ulifanyika tarehe 26 Aprili mjini Orangeburg, South Carolina, ambako wagombea wanane wa chama cha Democratic walisimama jukwaa moja. Mmoja wao alikuwa Mike Gravel, aliyekuwa seneta wa Alaska hadi mwaka 1981, mzee wa miaka 76 ambaye hakuna aliyemtarajia kushinda hata jimbo moja. Alisema waziwazi kwamba baadhi ya wenzake pale jukwaani wanamtisha, kwa kuwa wanaposema kuhusu Iran kwamba hawajaondoa njia yoyote, wanachomaanisha ni silaha za nyuklia. Kisha akamgeukia Barack Obama na kumuuliza ni nani anayetaka kumpiga kwa nyuklia. Obama akajibu kwamba kwa sasa hana mpango wa kumpiga yeyote, na ukumbi ukacheka.

Wa pili ulikuwa wa Republican, tarehe 15 Mei, mjini Columbia katika jimbo hilohilo. Ron Paul, daktari wa uzazi na mbunge kutoka Texas, alisema kwamba walioishambulia Marekani Septemba 2001 walikuwa na sababu zao, na kwamba mojawapo ilikuwa Marekani kuipiga Iraq mabomu kwa miaka kumi. Alirudi nyuma hadi mwaka 1953, Marekani ilipomrejesha Shah, yaani mfalme, madarakani nchini Iran. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ya mashambulizi, alimtaka ayafute maneno hayo, na ukumbi mzima ukampigia Giuliani makofi. Paul hakuyafuta.

Niliwaeleza wanafunzi kwamba Kiswahili chetu kina jina la wagombea wa aina hii, yaani wasindikizaji, lakini nikaongeza kwamba mara nyingine msindikizaji ndiye pekee anayesema kweli. Hapo kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hazungumzi, akanyanyua mkono na kusema, "Mwalimu, kusema kweli ni rahisi kwa mtu anayejua kwamba hatakabidhiwa nchi." Kengele ikalia kabla sijajibu, na nashukuru ililia, kwa sababu sikuwa na jibu.

Naomba mnisaidie. Je, kuna namna ya kumtofautisha mgombea mkweli na mgombea asiye na cha kupoteza? Na je, tofauti hiyo ina maana yoyote kwa anayesikiliza?

Mama Nuru (Nairobi)

Mwalimu, nitajibu swali lako la pili, kwa kuwa ndilo ninalolijua kwa mwili wangu.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa kazini ghorofa ya nne, si mbali na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulikokuwa ubalozi wa Marekani. Tulisikia kwanza mlipuko mdogo, kama tairi la lori lililopasuka. Wenzangu wakaenda dirishani kutazama. Mimi nilikuwa nimechutama, navuta faili kwenye droo ya chini iliyokuwa imekwama, na nilikuwa nimekasirishwa na droo hiyo. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja, na kioo chote cha dirisha kikaingia ndani. Dada niliyekuwa nakunywa naye chai kila siku saa nne alipoteza macho yote mawili, na ndivyo ilivyowapata watu wengi sana siku ile, kwa sababu ule mlipuko wa kwanza uliwaita watu madirishani katika majengo yote ya jirani. Nairobi tuliwazika watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliwazika 11.

Miaka iliyofuata tulielezwa na wakubwa wa Marekani kwamba watu wale waliua kwa sababu wanachukia uhuru. Mimi nilikuwa nikijiuliza, uhuru wa nani? Dada yangu wa chai alikuwa na uhuru gani uliowaudhi watu wa Afghanistan? Wauaji wenyewe, kundi la al-Qaeda la Osama bin Laden, walikuwa wametoa tangazo mwezi Februari mwaka uleule, miezi sita kabla, wakitaja majeshi ya Marekani katika nchi ya Maka na Madina, mateso ya watu wa Iraq na suala la Palestina. Kila mwenye kusoma aliweza kulisoma. Na wiki mbili baada ya sisi kulipuliwa, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na kukibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum, na kwa mara nyingine waliolipa walikuwa watu wa upande huu wa dunia.

Kwa hiyo nilipoona kanda ya yule daktari wa Texas, nililia. Sikulia kwa kumpenda, maana simjui na nasikia ana mengine ambayo nisingekubaliana nayo. Nililia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mmarekani aliyevaa suti na tai, anayeutaka urais, akisema mbele ya taifa lake kwamba jambo hili lina mwanzo na kwamba mwanzo huo uko pia katika matendo ya nchi yake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini kisima kile tuliingia sisi kwanza, miaka mitatu kabla ya New York, na hakuna aliyetuambia ni nani aliyekichimba.

Naomba nieleweke. Kueleza sababu si kutoa udhuru. Waliotega bomu lile ni wauaji na nitawaita hivyo hadi naingia kaburini. Ninachosema ni kwamba mimi niliyesikiliza sikuhitaji kujua kama Paul anasema kwa sababu ni mkweli au kwa sababu hana cha kupoteza. Niliyahitaji maneno yenyewe. Mwambie kijana wako hivyo.

Mzee Kitwana (Tanga)

Pole sana, Mama Nuru. Nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kuandika.

Mwalimu, mimi nilihariri habari za nje redioni kwa miaka mingi, na nataka kulishika swali lako la kwanza, kwa sababu nadhani lina jibu, na jibu hilo limo katika maisha ya yuleyule Gravel. Watu wengi wanaomsifu kwa mdahalo wa Orangeburg hawajui alivyoingia Seneti.

Agosti 1964, Rais Lyndon Johnson aliliomba Bunge la Marekani idhini ya kutumia nguvu za kijeshi Vietnam baada ya tukio la Ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti ikapitisha kwa kura 88 dhidi ya 2. Waliopinga walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Uchaguzi wa mwaka 1968 ukawaondoa wote wawili, na aliyemwondoa Gruening katika kura za mchujo za chama chao wenyewe alikuwa kijana mtanashati aliyeitwa Mike Gravel. Katika kampeni ile Gravel alijionyesha kuwa anaiunga mkono vita kuliko mzee yule, na baadaye sana alikiri kwa kinywa chake kwamba alisema vile kwa ajili ya kujiendeleza kisiasa, wala hakuwa anaamini. Yaani alipokuwa na nafasi ya kushinda, alidanganya, tena alidanganya kuhusu vita, tena dhidi ya mmoja kati ya watu wawili tu waliokuwa wamesema kweli.

Kijana wako angeweza kuishia hapo na kusema ameshinda hoja. Lakini asikilize na kipande cha pili.

Juni 1971, magazeti yalikuwa yamezuiwa na mahakama kuendelea kuchapa hati za siri za Wizara ya Ulinzi zilizoonyesha jinsi serikali moja baada ya nyingine zilivyowaficha wananchi ukweli wa Vietnam. Daniel Ellsberg, aliyezitoa hati hizo, alitafuta seneta wa kuziweka katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na wakubwa aliowaendea walikuwa wamekataa. Gravel alikubali. Usiku wa tarehe 29 Juni alijaribu kuzisoma katika ukumbi wa Seneti akashindwa kwa kukosa akidi. Basi akafanya jambo ambalo hata leo linanistaajabisha: aliitisha kikao cha usiku cha kamati ndogo aliyokuwa mwenyekiti wake, kamati ya kusimamia majengo na viwanja, akaanza kusoma habari za vita. Alisoma hadi saa saba usiku, akafika mahali akashindwa kuendelea kwa kulia, akaziingiza zilizobaki katika kumbukumbu kwa pamoja. Jumla zilikuwa kurasa 4,100. Serikali ilifungua uchunguzi dhidi ya msaidizi wake, na shauri hilo likafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972.

Usiku ule hakuwa msindikizaji. Alikuwa seneta wa miaka 41 mwenye kiti cha kupoteza na mashitaka ya kuogopa. Kwa hiyo, mwalimu, mimi sipimi ukweli wa mgombea kwa yale aliyosema mdahaloni. Naenda kutazama alisema nini na alipiga kura gani siku ambayo kusema kulikuwa na gharama. Gravel ana siku mbili za namna hiyo, ya 1968 aliyoanguka na ya 1971 aliyosimama, na mzee aliyesimama Orangeburg alikuwa amezibeba zote mbili. Naamini alijua vizuri kuliko wote pale jukwaani jinsi mgombea mwenye matumaini anavyoizungumzia vita, maana aliwahi kuwa yeye.

Mwaka 1980 chama chake kilimnyima tiketi ya Seneti. Aliyemshinda katika kura za mchujo alikuwa mjukuu wa Gruening.

Binti Said (Minneapolis)

Shikamoo Mzee Kitwana, shikamoo Mama Nuru. Mimi nilizaliwa Mombasa, ninaishi na kupiga kura huku, na naomba kutofautiana nanyi kidogo kwa heshima zote.

Nachelea tunawapamba wasindikizaji kupita kiasi. Huyo Ron Paul alikuwa na vijarida vilivyotoka kwa jina lake miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, vyenye maneno ya kudhalilisha watu weusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yalipoibuliwa tena Januari 2008 alisema si yeye aliyeyaandika, na kwamba anabeba lawama ya kutoangalia kilichokuwa kikichapwa kwa jina lake. Mimi kama mwanamke mweusi siwezi kulipita jambo hilo kwa kuwa tu alisema kweli kuhusu Iran. Mtu anaweza kuwa mkweli katika mlango mmoja akawa na giza katika mlango mwingine.

Pili, si kweli kwamba wenye nafasi ya kushinda hunyamaza wote. Mwaka uleule wa 2007, tarehe 1 Agosti, Obama alisema kwamba kama kuna habari za uhakika kuhusu viongozi wa al-Qaeda walioko Pakistan, na Rais Musharraf asichukue hatua, yeye atachukua. Wenzake walimshambulia. Katika mdahalo wa Chicago siku sita baadaye, Hillary Clinton alimwambia kwamba anayewania urais hapaswi kusema kila anachofikiri, kwa sababu maneno yake yana matokeo duniani kote. Mama Nuru, siku ile ilikuwa tarehe 7 Agosti, miaka tisa kamili tangu mlipuko wenu, na nadhani hakuna aliyelikumbuka. Obama akamjibu kwamba inashangaza kukosolewa na watu waliosaidia kuidhinisha vita vya Iraq. Mei 2011, bin Laden aliuawa Abbottabad, ndani ya Pakistan, na serikali ya Pakistan haikuambiwa kabla. Alichosema akiwania ndicho alichofanya akiwa rais, tukipende tusikipende.

Na maneno yale ya Clinton tusiyadharau. Wengi huku waliyaona kuwa ni ya mwanasiasa anayeficha, lakini yana hoja ndani yake. Mtu anayekaribia kuwa rais, kila neno lake linasikilizwa Islamabad, Tehran na Moscow siku hiyohiyo. Gravel angeweza kumuuliza mtu yeyote swali lolote na hakuna jeshi ambalo lingesogea hata hatua moja. Kwa hiyo kijana wa Mwalimu ana haki zaidi ya mnavyompa: kwa asiye na nafasi kusema ni rahisi, na hata uzito wa maneno ni mwepesi.

Jambo ninalowaunga mkono kwa moyo wote ni kwamba lazima waachwe waseme. Gravel aliondolewa katika mdahalo wa Philadelphia wa Oktoba 2007. Dennis Kucinich, mbunge wa Ohio aliyekuwa naye akiwania, alizuiwa kushiriki mdahalo wa Nevada wa Januari 2008. Jaji aliamuru ajumuishwe, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua amri hiyo, na mdahalo ukaendelea bila yeye. Sasa fikirieni: wagombea wenzake Clinton, Edwards, Biden na Dodd, wote walipiga kura ya ndiyo kuhusu Iraq mwaka 2002. Kucinich alipiga ya hapana. Walipomtoa yeye, walimtoa mtu aliyekuwa ukumbini siku ya kura ile na akapinga. Obama aliipinga vita hiyo kwa hotuba Chicago, lakini wakati ule alikuwa katika seneti ya jimbo la Illinois na hakuwa na kura ya kupiga Washington.

Mama Nuru (Nairobi)

Marahaba mwanangu. Habari ya vijarida imeniumiza, na nimeipokea. Lakini hiyo ya "uzito mwepesi" siikubali. Mwaka 2012, tarehe 16 Januari, huyo huyo Paul alisema mdahaloni Myrtle Beach kwamba Marekani isiyatendee mataifa mengine yale ambayo haitaki kutendewa, na ukumbi ukamzomea. Kama maneno yangekuwa mepesi hivyo, watu wasingepata taabu ya kuyazomea. Mtu huzomea kinachomgusa.

Mwalimu wa Mlimani (Morogoro)

Nawashukuru sana. Mama Nuru, naomba ruhusa yako niwasomee wanafunzi habari ya droo iliyokwama, bila kutaja unakoishi.

Mzee Kitwana, kipimo chako cha kura nimekichukua, ila kimenipa mashaka mapya. Nimejaribu kukitumia kwa Ron Paul. Oktoba 2002, Baraza la Wawakilishi liliidhinisha vita vya Iraq kwa kura 296 dhidi ya 133, na yeye alikuwa mmoja wa Warepublican sita waliopinga, jambo lililohitaji moyo wakati chama chake kilikuwa na rais Ikulu. Lakini tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi, kura ya kumpa rais idhini ya kutumia jeshi dhidi ya waliohusika ilikuwa 420 dhidi ya 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Paul alikuwa miongoni mwa wale 420.

Mzee Kitwana (Tanga)

Ni kweli, na umefanya vizuri kulitafuta. Paul aliona kwamba nchi iliyoshambuliwa ina haki ya kuwafuata walioishambulia. Lee hakupinga haki hiyo. Alichopinga ni idhini isiyo na mpaka wa mahali wala wa muda, na idhini ileile ilikuja kutumiwa na marais kadhaa katika nchi ambazo siku ile hakuna aliyezitaja, ikiwemo jirani yetu Somalia. Alitishiwa maisha hadi akapewa walinzi wa polisi. Lakini uangalie na hili, mwalimu: watu wa Oakland na Berkeley walimrudisha bungeni mwaka 2002, na wakaendelea kumrudisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Morse na Gruening walisema kweli wakaangushwa, Lee alisema kweli akabakizwa. Tofauti haikuwa kwa msemaji. Ilikuwa kwa wale waliomtuma.

Na hapo ndipo ningependa kijana wako apelekwe, kwa sababu mwaka wowote ujao atapiga kura yeye mwenyewe.

Mwalimu wa Mlimani (Morogoro)

Kipindi kijacho ni Jumatano. Nitawagawia karatasi yenye kura tatu tu, ya Agosti 1964, ya Septemba 2001 na ya Oktoba 2002, pamoja na orodha ya majina tuliyoyataja hapa, na kila kikundi kitafute nani alikuwa wapi siku ipi na baada ya hapo ilikuwaje kwake. Mtu wa kuanza kuzungumza atakuwa yule wa dawati la nyuma. Nitarudi hapa kuwaeleza alichosema.